Paka wa Posho Mill na Suti ya Mama Mwenyekiti

Mtu asicheke kabla sijamaliza. Najua mkasa huu mmeusikia kwa upande wa msimamizi, kwa sababu ameusimulia sokoni, kanisani na hata kwenye matanga, na kila akiusimulia mimi ndiye mjinga na yeye ndiye aliyeumizwa. Basi leo nisikilizeni mimi mwenyewe, niliyeanguka chali mbele ya kamati nzima nikiwa nimefunikwa na pazia kama bibi harusi. Aibu niliipata, sikatai. Lakini hasira ninayo mpaka leo, na nina haki nayo.

Mwaka ule wa mvua za El Niño nilikuwa mhudumu katika nyumba moja ya wazee huku juu Kibugu, mashamba ya majani chai yakianza mlangoni na baridi ya asubuhi ikikufanya uongee kama mtu aliyeng'olewa jino. Kazi yangu ilikuwa kuwaogesha wazee, kuwalisha na kusikiliza habari zao (hiyo ya tatu haikuwa kwenye barua ya kazi, lakini ndiyo iliyokula siku nzima). Kati yao alikuwepo bibi mmoja tuliyemwita Cucu Ciarunji, Mmbeere wa kule chini Kiritiri, aliyefuga mbuzi maisha yake yote na kumjua kila mmoja kwa jina. Alipolazwa hospitali kwa ajili ya mguu, wanawe wakauza mbuzi wote bila kumwuliza, kisha wakamleta kwetu kwenye baridi na blanketi moja. Hakuwalaani. Aliacha tu kula. Ukimpelekea uji anakushukuru vizuri, anauweka chini, na jioni unaukuta umefanya utando.

Aliyemfanya ale alikuwa paka. Mwalimu Igoki, mama mmoja mstaafu wa Embu mjini, aliwahi kukaa ng'ambo na mumewe, na huko aliona watu wakipeleka paka kuwatembelea wazee, wawakalie mapajani na kuwatuliza moyo. Akaanza kutuletea wake kila Jumatano. Aliitwa Malkia, mweupe pepepe, mnene (alikula maini wakati sisi wahudumu tunakula githeri ya mahindi na maharagwe), na kazi yake ilikuwa kulala. Mwanzoni tulicheka, kwa sababu kwetu paka ni mfanyakazi, hana jina, hapakatwi, na akisogelea jikoni anakutana na mwiko. Lakini siku ile Malkia alipowekwa mapajani pa Cucu Ciarunji, Cucu alimpapasa masikio taratibu, akamwita Kamweru, jina la mbuzi wake mweupe, halafu akauliza uji uko wapi. Tangu siku hiyo sikucheka tena.

Kamati ya nyumba haikupenda. Wengine walisema ni uchafu, wengine wakanong'ona kwamba paka wa kupakatwa ana mambo yake. Mama Mwenyekiti akasema atakuja na kamati yake Jumatano ajionee mwenyewe, na akiondoka atakuwa ameamua kama paka ataendelea kuja au la. Mimi nilijua maana yake: ni Cucu kula, au Cucu kurudia utando.

Jumatano yenyewe asubuhi, mchukuzi wa maziwa akaniletea kijikaratasi cha Mwalimu Igoki. Malkia amezaa watoto watano, hawezi kutoka, niombee radhi. Mtu mwenye akili angepeleka karatasi ile kwa msimamizi, Bwana Nyaga, siku ikaahirishwa, yakaisha. Mimi niliikunja nikaitia kwenye sidiria, nikashuka mbio hadi posho mill ya Ireri, pale watu wanaposagia mahindi, kwa sababu nilikumbuka pale kuna paka mweupe.

"Wa kupakatwa?" Ireri aliniuliza, akaangalia wateja wake kama anatafuta mashahidi. "Huyu hajawahi kushikwa na mtu, Wawira. Huyu ni wa kazi."

"Ni saa moja tu. Nitakurudishia jioni."

"Basi ngoja nikupatie gunia. Akiona njia huyu, hutamweza."

Nani asiyejua kwamba paka akihamishwa hutiwa kwenye gunia ili asijue njia? Hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini mimi siku hiyo nilijiona mtu wa maana, nikasema mgeni wa Mama Mwenyekiti hawezi kutolewa kwenye gunia kama viazi. Nikamtia kwenye kiondo, kichwa nje, naye akapanda mlima wote akiangalia kushoto na kulia kama mkaguzi. Tulipofika karibu na lango nikaona mkono wangu umejaa unga. Nikampangusa mgongo kidogo, na chini ya unga paka alikuwa mweusi ti. Hapo ndipo ningerudi. Badala yake nikampangusa kinyume, unga ukarudi mahali pake, nikaingia.

Sasa ukumbi wetu, ili muelewe, ulikuwa na pazia refu upande wa nyuma, na nyuma ya pazia magunia ya mahindi ya msaada, kwa sababu stoo ilikuwa inavuja. Kulikuwa na panya humo. Nilimwambia Bwana Nyaga mara tatu, na mara zote tatu alinijibu, "Wawira, wewe lisha wazee. Mambo ya stoo niachie." Nikamwachia.

Mambo yalianza vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma. Tuliomba, tukaimba, paka akawekwa mapajani pa Cucu Ciarunji, na sijui ni moto wa jiko la makaa pale ukumbini au ni mikono ya Cucu, mnyama ambaye hajawahi kushikwa na mtu akafumba macho. Cucu akamtazama, akamtazama tena, akasema kwa Kimbeere kwamba huyu si Kamweru, huyu ni Kairu, yule mweusi mtundu (mwanamke haoni vizuri lakini unga haukumdanganya hata dakika moja). Akaomba kikombe chake, akanywa uji hadi nusu. Mama Mwenyekiti, ndani ya suti yake ya bluu nzito na kofia, akainama akatabasamu. "Hili ni jambo zuri," akasema, akamshika paka kichwa, na paka akajipukuta. Suti ya bluu ikawa ya kijivu.

"Kwani huyu mnampaka pauda?" akauliza, akicheka bado. Bado alikuwa anacheka, nawaambia. Tulikuwa tumeshinda.

Kisha Bwana Nyaga akasimama kutoa hotuba ambayo hakuna aliyemwomba. "Mama Mwenyekiti, hapa kwetu usafi ndio wa kwanza. Hata panya mmoja huwezi..."

Hakumaliza. Paka aliruka kutoka kwa Cucu, akakanyaga meza ya chai, mandazi yakaenda njia yao na birika njia yake, akaingia chini ya pazia, tukasikia vurugu, akatoka na panya mdomoni mkubwa kama gunzi la mahindi. Mimi nikamkimbilia. Yeye, kama paka yeyote mwenye adabu ya kazi, akampelekea panya mtu mkubwa zaidi ukumbini, akamweka juu ya kiatu cha Mama Mwenyekiti, mzima. Panya akaona sketi akapanda. Mama Mwenyekiti akapanda kiti. Nami nikateleza kwenye chai, nikashika pazia, pazia likaja na ubao wake, nikalala chini yake, na nyuma yangu kila mtu akaona magunia yalikuwa yametobolewa kote na panya wengine walikuwa wanatoka bila haraka.

Mnadhani nani aliulizwa? Bwana Nyaga aliniita ofisini vumbi la pazia likiwa bado kichwani mwangu.

"Umetuaibisha, Wawira. Nani alikuambia ulete paka wa posho mill?"

"Bwana Nyaga, panya si wangu."

"Mimi nimekuuliza habari ya paka."

Nikapewa barua ya onyo kwa kuingiza mnyama bila idhini. Niliisoma mara mbili nikitafuta neno panya, nikalikosa, kumbe panya wao walikuwa na idhini. Paka alikuwa amekimbia kurudi kwa Ireri, ziara zikapigwa marufuku, Mwalimu Igoki akaambiwa asije tena, na mimi nikaanza upya kubeba uji wenye utando. Hilo ndilo lililonichoma. Ningechekwa wiki nzima bila kununa kama Cucu angekula.

Jumapili asubuhi nikaingia na kikombe, nikakuta dirisha limeachwa wazi na juu ya blanketi la Cucu kumelala paka mweusi mwenye masikio ya unga. Alipanda mlima peke yake. Njia si aliiona? Cucu alinyoosha mkono bila kuniangalia, akachukua uji. Bwana Nyaga alipomwona akageuka akaenda zake, maana tangu ile Jumatano panya walikuwa wakipungua kila usiku na yeye alijua ni kazi ya nani.

Ireri alikuja na gunia akamchukua, paka akarudi. Akaja tena, paka akarudi tena. Mara ya tatu Cucu alimfunika paka kwa shuka, akaniambia, "Mwambie huyu kijana, wale wengine waliuzwa nikiwa hospitali. Leo niko macho."

Nikamwambia. Ireri akakunja gunia lake, akaenda.

Miezi michache baadaye kamati ikaleta wageni, na mimi nikiwa nimeshika sinia ya chai nikamsikia Bwana Nyaga akiwaambia kwamba yeye ndiye aliyefikiria nyumba iwe na paka wake. Wakampigia makofi. Barua yangu ya onyo iko kwenye faili mpaka leo. Kwa hiyo nimeapa: paka wa mtu sitaazima tena maisha yangu yote. Na ikinibidi kumwazima, gunia sitalitumia, nitambeba kichwa nje aione njia vizuri.