Motokari Yetu Ilipoingia Ziwani

Aibu ya jambo hili bado ninayo, na kama munataka kucheka mucheke tu, maana Goma nzima ilishacheka mbele yenu, hata Wazungu wa ile hoteli ya kando ya ziwa walitoka na vikombe vya kahawa mukononi kuja kuniangalia, na mumoja wao alinipiga picha, kwa hiyo inawezekana hata leo kuna nyumba huko Ubelgiji ambamo nimetundikwa ukutani, nimesimama juu ya paa la motokari katikati ya maji, na kitambaa cha sabuni mukononi.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, na mimi nilikuwa mushonaji mwenye mashini moja kwenye baraza la duka. Watu weusi wenye motokari zao wenyewe walikuwa wachache sana, lakini kulikuwa na marafiki kumi hivi waliopenda motokari kupita kiasi, wale wa kusimama njiani kusikiliza injini ikipita na kubishana ni ya aina gani, nao wakaungana wakanunua moja kuukuu, nyeusi, kwa Muzungu wa shamba la kahawa kule Masisi aliyekuwa anarudi kwao. Wakajiita Marafiki wa Motokari. Prezida wao alikuwa Papa Gervais, karani wa depo ya kahawa, mutu mupole, mwenye tai kila siku.

Masharti yao hayakuwa mengi, ila yalikuwa makali. Kila mwisho wa mwezi unatoa muchango wa mipira na mafuta ya injini, siku unapoichukua unaweka esanse yako mwenyewe, yale mafuta ya kuendea, na bila permi ya kuendesha hushiki usukani isipokuwa Desideri, mekanisye wetu wa injini, amekaa kando yako. Tena mwanachama mupya lazima awe na musimamizi, mutu wa zamani anayesimama mbele ya wote na kusema namujua huyu, na ukiharibu kitu munajibu wote wawili. Mimi nilisimamiwa na Muzee Kambale, fundi wa kujenga kwa mawe, aliyetoka Butembo kama mimi. Papa Bonifasi, muuza nyama, hakunitaka. Alisema mushonaji anakuahidi suruali ya Pasaka na unaivaa Noeli, je, mutu kama huyo utamupa motokari? Watu walicheka (na mimi nilicheka, ingawa suruali yake kweli ilichelewa), halafu wakanipokea.

Sasa Papa Gervais alikuwa anamuoza binti yake, Imakulata, kwa kijana mumoja wa Rutshuru, infirmiye wa kutibu wagonjwa, familia ya watu wa ng'ombe wenye heshima zao, na alikuwa ameshawaambia wakwe kwamba bibi arusi atafika kanisani ndani ya motokari. Gauni nilishona mimi. Na kwa sababu nilikuwa mupya katika chama, kazi ya kuosha motokari asubuhi ya arusi iliniangukia mimi.

Anayejua Goma anajua shida yetu ya maji. Tunakaa juu ya mawe ya volkano, hakuna muto, hakuna kijito, maji yako ziwani na yanapanda kwenye vichwa vya wanawake. Nilipofika kwa Papa Gervais nilipewa ndoo mbili. Niliangalia zile ndoo, nikaangalia mutelemuko wa kwenda ziwani, nikaangalia shati langu jeupe la arusi (nilikuwa nimeshalivaa, akili yangu siku ile ilikuwa imeenda kutembea), na nikajiuliza: kwa nini nilete ziwa kwenye motokari wakati motokari ndiyo iko na magurudumu? Papa Gervais alikuwa ndani ananyolewa ndevu. Desideri alikuwa bado hajafika. Ufunguo ulikuwa mahali pake. Sikuuliza mutu.

Nilikuwa nimefundishwa na Desideri Jumapili kadhaa, basi nilishuka polepole, na nisiwadanganye, nilipiga honi hata mahali ambapo hapakuwa na kuku. Nilisalimia watu nisiowajua. Nilifika pale wanawake wanapochota maji, nikaingiza magurudumu ya mbele ziwani kama nilivyoona Wazungu wanafanya, nikavuta freni ya mukono, nikashuka kama mutu anayeshuka kwenye kiti cha ufalme.

Mama mumoja mutu muzima, aliyekuwa anajaza debe lake, aliniangalia, akaangalia magurudumu.

"Papa, weka libwe mbele ya gurudumu," akasema, akinionyesha jiwe kando yake. "Hapa chini kunatelemuka."

"Mama, hii iko na freni," nikamujibu, na sauti niliyomujibia nikiikumbuka leo natamani kujizaba kofi.

Hakubishana. Aliweka debe lake chini na akakaa juu ya jiwe, kama mutu aliyefika mapema kwenye mukutano.

Niliosha mbele, nikaosha milango, nikabakisha paa. Ili kulifikia paa nilipanda nyuma, na nilipofika juu na kuanza kusugua nikisukuma mbele na nyuma, nilisikia chini yangu sauti ndogo kama kitambaa kinachopasuka, na motokari ikaanza kwenda. Haikuwa na haraka. Ilikwenda kama ng'ombe anayekwenda kunywa. Na ninyi munajua ziwa letu halibembelezi mutu, hatua moja maji yako magotini, hatua ya pili hayana mwisho. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini sikuruka wakati ilikuwa bado karibu na nchi kavu, na mimi najua tu kwamba sikujua kuogelea na nililikumbatia lile paa kama mutoto anayekumbatia mugongo wa mama yake. Ilikwenda mpaka pua yake ikagonga mwamba chini ya maji, ikasimama, maji yamefika madirishani. Mbele ya ule mwamba kulikuwa na weusi mutupu.

"Freni imekwenda wapi sasa?" yule mama akauliza kwa utaratibu, halafu akamutuma binti mumoja akimbie juu kuita watu.

Wakaja wote. Papa Gervais alikuja na povu la sabuni upande mumoja wa uso. Wakaja wakwe wa Rutshuru waliokuwa ndiyo wanashuka kwenye kamio yao, lori la kubebea ng'ombe, wakaja Wazungu na vikombe vyao, akaja Imakulata mwenyewe ndani ya gauni lile nililoshona, ameshika pindo lisiguse vumbi. Mimi niko juu. Nilijaribu kusema pole lakini sauti haikufika pwani. Papa Gervais hakunitukana, alisimama tu akiangalia ile motokari kama mutu anayeangalia nyumba yake ikiungua, na niliwaza jasho la watu wote wale lililokuwa chini ya miguu yangu, mwezi kwa mwezi, na nikatamani ule mwamba uteleze.

Aliyesema wa kwanza alikuwa Muzee Kambale.

"Muhindo, umeumia?"

Nikatikisa kichwa. Akavua kofia, akamupa mutu, na akaingia majini na viatu vyake. Muzee yule, kwa viatu vya arusi. Basi wengine wote wakamufuata, mumoja nyuma ya mwingine, na Papa Bonifasi pia, akinitukana kila hatua, maji yamefika kifuani na bado ananitukana, lakini bega lake lilikuwa chini ya motokari kabla ya mabega ya wengi. Wakwe wakatoa kamba za ng'ombe kutoka kwenye kamio. Desideri akazifunga nyuma ya motokari yetu, akaniambia nisirudi pwani kwanza, mutu lazima akae ndani kushika usukani, na kwa kuwa niko pale tayari, mutu huyo ni mimi. Nikaingia kwa dirisha. Nikakaa kwenye kiti, maji kifuani, mikono kwenye usukani, macho mbele, na nawaambia kweli sijawahi kuendesha kwa adabu kama siku ile.

Kamio ikavuta, magurudumu yake yakateleza kwenye changarawe, ikashindwa. Ndipo bwana arusi akavua koti lake, akamupa Imakulata alishike, akaingia. Wanawake wakaacha madebe wakashika kamba. Wengine waliimba kwa Kinyarwanda, wengine kwa Kinande cha kwetu Butembo, kila mutu na wimbo wake lakini wote walivuta pamoja, na motokari ikatoka nyumanyuma, ikimwaga maji kwa kila mulango. (Wanaosema samaki walitoka chini ya kiti ni waongo. Yalikuwa majani.)

Nilishuka nikasimama pale, sijui niweke wapi uso. Papa Gervais alikuwa anajaribu kueleza wakwe. Imakulata akamushika mukono.

"Papa, kanisa si mbali," akasema. "Tutembee."

Wakaondoka, bibi arusi mbele, nyuma yake wanaume waliolowa wanatoa sauti ya maji ndani ya viatu. Mimi nilibaki na motokari, nilijua mahali pangu ni pale. Lakini yeye aligeuka.

"Papa Muhindo, nawe kuya kanisani. Gauni ulishona wewe."

Nilisikiliza misa nimesimama mwisho kabisa wa kanisa, nikitiririka, na sijui kama nililia, maji yalikuwa mengi.

Chama kilikutana Jumapili iliyofuata. Nilikwenda nikiwa nimeshamwambia muke wangu, Kavira, kwamba nitauza mashini, naye aliipangusa tu vumbi. Papa Bonifasi alisimama wa kwanza. Alisema motokari itakauka, yeye anauliza kama neno langu litakauka, kwa sababu chama hiki hakina mali nyingine isipokuwa kuaminiana, na mutu aliyechukua ufunguo bila kuuliza mara moja amewachukulia wote. Alisema kweli. Nikasema nitauza mashini, na jina langu walifute. Papa Gervais akakumbusha kwamba kwa sharti lao Muzee Kambale naye anajibu, na akamuuliza kama anataka kujitoa katika usimamizi.

Muzee Kambale alisimama, na viatu alivyovaa vilikuwa vimekunjamana kama ngozi ya kobe.

"Siku nilisimama kwa ajili yake hakukuwa na lazima," akasema. "Mutu alikuwa mukavu, hana deni, hana aibu, hata adui angemusimamia. Lazima ya musimamizi ni leo. Mimi nimesimama."

Halafu Papa Bonifasi akapumua kwa nguvu, akasema mushonaji bila mashini ni mutu bure, asiuze, atatulipa na nini? Wakakubaliana gharama ya matengenezo igawanywe kwa wote, na sehemu yangu iwe kubwa, niimalize kwa kushonea watoto wao nguo za shule. Desideri aliifungua injini kipande kwa kipande akaikausha juani. Ilipowaka tena ilikuwa inakohoa kama muzee wa tumbako, lakini iliwaka, na siku ile ya kuijaribu waliniweka kiti cha nyuma, katikati, ubavuni mwa Papa Bonifasi, mahali nisipofikia hata dirisha.

Nilikwenda kwa Muzee Kambale kumushukuru na nilikuwa nimepanga maneno mengi. Hakuyangoja. Alisema shukrani ya chama ni kufika siku ya muchango, basi nifike. Nilifika kila mwezi. Baadaye nilipata permi, niliendesha motokari ile mpaka Rumangabo, mpaka Bunagana, na kila mara niliuliza kwanza, hata nilipojua jibu. Niliapa na ninaapa tena mbele yenu: kitu cha watu wengi sitakichukua tena kwa akili yangu mimi peke yangu. Na nyinyi mukitaka kuingia katika chama chochote, musianze kwa kukagua motokari. Kagueni watu, muone ni wangapi wangeingia majini kwa ajili yenu bila kuvua viatu. Mimi niliwapata wengi kuliko nilivyostahili, na mumoja wao alikuwa ananitukana.