Madoa ya Mtambuu wa Mazoon

Balqees alimwita Mazoon mwenye jicho la husuda, mbele ya wanawake thelathini waliokuja kwenye maulidi. Hakumnong'oneza mtu. Alisimama katikati ya sebule na sinia ya tambuu mkononi, akasema majani yana madoa kwa sababu ya mtu wa nyumba hii hii, na nyuso zote zikamgeukia wifi yake aliyekuwa akimimina kahawa.

Na mtambuu wenyewe ulikuwa wa Mazoon. Aliupanda kwa kipande alicholetewa kutoka Unguja kimeviringwa kitambaa kibichi, akautambaza kwenye wavu nyuma ya nyumba ya kaka yake, Saud, mume wa Balqees, mtaani Mawaleh. Miaka sita aliulea. Kusoma hakusoma, mume alimwacha, na mtambuu ndio kitu pekee ambacho watu walikuja kumwomba. Kosa lake lilikuwa moja: siku moja aliuambia, "Leo umependeza," akasahau kusema mashaallah, na Balqees akasikia.

Mwezi haukwisha madoa yakaanza, ya kahawia, makavu katikati, kingo zimejikunja. Muuza miche alilitazama jani akasema ni ukungu, akampa Mazoon unga wa dawa. Akanyunyiza, madoa yakazidi. Akapunguza maji, yakazidi. Akatia samadi, yakazidi.

"Si n'shakwambia usiusogelee, wifi?" Balqees alisema kila mara. "Wewe ndo unauua."

Baada ya aibu ile ya maulidi, Mazoon aliukagua mtambuu jani kwa jani. Majani yaliyojificha nyuma ya boksi la eisii, kile kiyoyozi cha ukutani, hayakuwa na doa hata moja. Ukungu gani huu unaochagua? Akachuma jani lenye madoa, akalitafuna bila kuliosha. Chumvi tupu.

Kesho yake alasiri akamwona Balqees anakuja na chupa ya kupulizia, ile ya kusafishia vioo.

"Umetia nini humo?"

"Maji ya chumvi. Yamesomewa. Ya kuliondoa jicho lako."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyousifu. Asubuhi na jioni. Na madoa yakizidi, na mie nazidisha chumvi."

Mazoon akachuma jani, akampa. "Tafuna."

"Sitaki mie."

"Tafuna. Si wewe mla tambuu?"

Balqees akatafuna, akatema kwenye leso.

"Kisomo hakiunguzi jani," Mazoon akamwambia. "Chumvi ndiyo inaunguza. Ungeyasomea maji matupu, tungekuwa na mtambuu."

"Mie nilikuwa naulinda."

"Na mimi je, ulinilinda kwa kunitangaza?"

Mazoon akayaosha majani kwa maji matamu, juu na chini, akayakata yaliyokufa. Siku tano alimimina maji mengi shinani, chumvi izame mbali na mizizi. Wiki ya tatu likachipua jani jipya, laini, halina doa.

Balqees aliomba radhi jikoni, amempa mgongo, bomba linatiririka juu ya vyombo. Wale thelathini hawakuwepo jikoni. Mpaka leo jirani yao Muhsina humfunika mtoto uso kila anapomwona Mazoon mlangoni. Saud alisikia kila neno siku ile ya maulidi, yuko chumba cha pili, na hakufungua kinywa, na hilo nalo Mazoon hajamsamehe. Lakini Balqees ndiye anayedaiwa zaidi: asimame palepale sebuleni, mbele ya walewale, na sinia ile ile mkononi, aseme kwamba ilikuwa chumvi, na mtiaji alikuwa yeye.