Hekalu la Roma Kwenye Meza ya Vibanda

Hadi leo nikisikia harufu ya gundi ya unga wa muhogo, ile mama anayoipika kwenye sufuria ndogo, hasira hunipanda.

Nilikuwa darasa la tatu, mtaani Fisksätra, huku Uswidi. Tulikuwa tunajifunza majengo ya kale ya Roma, na kila mtoto alipewa moja alitengeneze nyumbani. Mimi nilipata Pantheoni, hekalu la mviringo lenye kuba kubwa na tundu juu kabisa. Mama aligeuza sufuria ya fufu, ugali wetu wa muhogo, tukaifunika magazeti ya bure ya kituo cha treni, tabaka juu ya tabaka, tukipaka gundi. Nguzo za mbele nilizitengeneza mwenyewe kwa karatasi ngumu, polepole, maana kila kitu nafanya polepole.

Papa, yaani baba yangu, alichungulia tunduni. "Mvua ikinyesha, mwenye nyumba anakimbilia kwa jirani?"

"Det ska vara så," nilimjibu kwa Kiswidi. Ndivyo inavyotakiwa.

Siku ya wazazi, majengo ya Roma yalipangwa dirishani. Langu halikuwepo. Nililikuta nyuma ya darasa, kwenye meza ya somo jingine, nyumba za watu wa dunia, kati ya hema na nyumba ya barafu. Mbele yake kadi: "Kibanda, Kongo."

"Moshi unatokea hapo juu?" mwenzangu mmoja aliniuliza, akacheka.

Mama aliisoma kadi kwa shida. "Hii neno inasema nini?"

"Kibanda."

"Kibanda cha nani? Miye nilizaliwa Bukavu, kwa nyumba ya matofali!"

Akalibeba hekalu kama anavyobebwa mtoto mchanga, akalipeleka dirishani. Mwalimu akaja akitabasamu. "Lakini linapendeza zaidi kule."

Mama akanitazama. "Sema weye. Kiswidi ni chako."

Sauti yangu, iliyokuwa ikishindwa hata kuitikia jina darasani, ikatoka. "Rom." Yaani Roma, kwa Kiswidi.

Mwalimu alinipapasa kichwa. Jumatatu nililikuta tena kule nyuma, na pembeni limewekewa mnazi wa karatasi.

Wakati ule nilidhani nimekosea kujenga. Nilirudi nyumbani nikaikagua sufuria, kama imebonyea mahali. Sasa najua hekalu halikuwa na kosa. Nguzo zilikuwa pale mbele, zimesimama wima, na hakuna kibanda chenye nguzo kama zile. Mwalimu aliona mviringo, akaniona mimi, akaacha kutazama.