Unyoya Ulioelekea Mbele

Enzi zetu, sisi watoto wa chini ya Mlima Kenya, hatukununua vyombo vya kuvulia. Baba alikata mwanzi, akafunga mshipi kwenye ncha, na chambo tulijitengenezea: ndoana, uzi mweusi wa cherehani na unyoya mmoja wa shingo ya jogoo. Tulikiita nzi. Ukimfunga vizuri, trauti, samaki wa mito ya baridi, anadhani ni mdudu ameanguka mtoni. Jogoo wetu alitembea shingo wazi mwaka mzima, maskini, na wageni walikuwa wakiuliza anaugua nini.

Maji ya mto ule yalikuwa baridi hadi miguu inakufa ganzi, na mfukoni tulibeba viazi vya kuchoma vya kutupasha moto. Lakini Baba alikuwa na sheria yake: asiyejua kufunga nzi wake haendi. "Samaki si mjinga," alizoea kusema. "Mjinga ni anayemdharau."

Nilikuwa na miaka tisa, msichana pekee pale nyumbani, na nilitaka kwenda mtoni kuliko kitu kingine chochote. Jumamosi moja nikafunga nzi wangu wa kwanza. Kwa haraka zangu niliufunga unyoya kinyume. Badala ya kulala nyuma ukaelekea mbele. Kaka yangu Muriuki alicheka hadi akakaa chini. Baba akamgeuzageuza yule nzi kiganjani.

"Huyu amevaa koti nyuma mbele," akasema. "Baki umsaidie mama yako."

Akamtia mfukoni, wakaenda. Nilipukuchua mahindi nikilia. Jioni walirudi na trauti mmoja, mkubwa kweli. Mama alinipa kipande cha mgongo, nikakisukuma kando. Sikuomba tena kwenda mtoni.

Sasa mimi ni nesi hapa Doha, nahudumia wazee majumbani. Wiki iliyopita mgonjwa wangu wa West Bay, mzee wa Kijapani, alinituma kabatini nimletee kikebe. Ndani mlikuwa na nzi: ndoana, uzi, unyoya mmoja. Na kila unyoya umeelekea mbele. Akanieleza kwamba kwao milimani ndivyo wanavyofunga tangu zamani. Ukivuta mshipi polepole, unyoya hujikunja na kujikunjua majini kama mdudu aliye hai. Nilikaa chini bila kukaribishwa.

Nilipofika nyumbani Al Rayyan, mwanangu alikuwa kwenye kochi akivua samaki kwenye simu. Hata hao wa simu wanamponyoka, na hajalowa hata kidole. Nikampigia Baba, nikamwaga hasira yangu yote ya miaka thelathini.

"Mami," Baba akasema, "yule samaki mkubwa wa siku ile alishikwa na nzi wako. Wangu na wa Muriuki hawakuguswa. Niliona aibu kukwambia."

Siku hizi watu huambiana kila kitu papo hapo, hadi picha ya chai wanayokunywa. Enzi zetu mzazi aliweza kuficha samaki mzima kwa miaka thelathini, na mimi niliyemvua nikamkataa mezani.