Kuutafuta Mwisho wa Gari la Nyota

Sikuondoka Unguja kwa matembezi wala kwa biashara. Mama ndiye aliyenituma, na mama akituma mtu huenda, hata kama aliyetumwa ana mvi kichwa kizima. Tangu Ramadhani kwisha alikuwa hajainuka sawasawa kitandani. Asubuhi moja nikimlisha uji, aliusukuma mkono wangu polepole akaniuliza, "Raya, yule mtoto wa Gari la Nyota alifika kwao?"

Wa umri wangu pale Kikwajuni hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme tu kwamba televisheni ilipoingia mtaani kwetu, ya kwanza iliwekwa ukumbini kwa babu, na kila wiki baada ya magharibi watu walijaa kutazama mchezo wa Waingereza uliokwenda miaka na miaka. Ulihusu behewa la gari la moshi lililoacha reli likapotea kati ya nyota. Ndani yake walikuwamo kondakta mmoja na msichana aliyepanda behewa silo, na hamu yake ilikuwa kurudi kwao tu. Sisi watoto tukauita Gari la Nyota.

Kiingereza hatukukijua, lakini tulikuwa na Bi Zuwena. Alikuwa bintiami yake mama, yatima aliyeletwa kulelewa kwetu, msichana asiyefungua mdomo mbele za watu isipokuwa siku hiyo. Alikaa kando ya televisheni juu ya mbuzi, akikuna nazi ya chakula cha usiku huku akitutafsiria. Waingereza wakisema sana, yeye hukuna kwanza kwa nguvu, kisha ndiyo akatwambia. Majitu ya mabati yalipoivamia nyota ya kijani, alitueleza kuwa yamekuja kuposa na ugomvi wote ule ni wa mahari. Mwigizaji wa kondakta alipobadilishwa ghafla, akasema yule wa mwanzo kaenda Hija, huyu ni mdogo wake anamkaimia. Ukumbi mzima ukamwombea Hija njema. Mama alikuwa na tabia ya kucheka kabla ya tafsiri, nami nikidhani anazicheka sura zao.

Kisha Bi Zuwena akaolewa Omani, na msichana wetu akabaki njiani. Mchezo ulipoanza mama akawa kichwa kinamuuma, anakwenda kulala. Hatimaye televisheni yenyewe ikaharibika.

Nilimwambia mama tumpigie simu Bi Zuwena. Akasema keshamuuliza mara nyingi, na jibu ni lile lile, inshaallah tukionana. "Basi kaonaneni," akasema, "na umchukulie mbuzi yake. Iko juu ya kabati."

Maskati nilifika asubuhi. Kijana wa forodha aliitoa ile mbuzi katika sanduku, akaigeuzageuza, akayagusa meno yake ya chuma, akaniangalia kama mtu aliyekuja kufanya shari. Mwenzake mtu mzima akasogea, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili safi, "Mwache apite. Na sisi nyumbani tulikuwa nayo." Sikupata hata kumuuliza nyumbani kwao ni wapi.

Nje alikuwa ananingoja Rahma, binti wa mwisho wa Bi Zuwena, aliyezaliwa huku huku. Kiswahili chake anakipanga upya apendavyo, na moyo wake ni mweupe. "Kwanza Nizwa, khaloo," alisema, akiniita mama mdogo. "Khalfani amesema lazima, halafu Ibra, halafu Sur kwa mama."

Njiani kwenda Nizwa nilitazama nje tu. Milima ya huko haina jani hata moja. Imesimama myekundu, myeusi, mingine rangi ya majivu, na barabara inapita katikati bila mtu. Nikawa naiona kama niliyoizoea. Nilishawahi kufika hapa nikiwa mtoto, nimekaa mkekani, miguu imekufa ganzi, harufu ya tui puani. Nyota zote za mchezo ule zilikuwa hivi. Nilipofumba macho nilisikia mtu anakuna nazi, na nilipofumbua ilikuwa mitende ya Nizwa na maji ya mfereji yanapita chini yake.

Khalfani ni mtoto wa ami yangu, tulikaa mkeka mmoja zamani zile. Aliondoka Unguja mdogo, akasoma Uingereza, akafanya kazi serikalini, sasa amestaafu na kazi yake ni kukusanya kila kitu cha Gari la Nyota. Katika majlisi yake ya kupokelea wageni, baina ya mito na deli la kahawa, limewekwa behewa dogo la bati lenye taa ndani. Nililishika kwa mikono miwili, na sioni haya kusema kwamba nililia kidogo.

"Sasa njoo uone," alisema, akanifungulia kompyuta. Yakaja majitu ya mabati, akaja na kondakta wa pili, mdogo wake wa kwanza. Khalfani akawa ananitafsiria neno kwa neno. "Umesikia? Hapana posa, hapana mahari. Wanagombania mafuta ya kuendeshea mitambo. Bi Zuwena alitudanganya kuanzia mwanzo hadi mwisho!"

Alicheka mpaka akashika mbavu, akachukua simu akampigia mwenyewe. "Shikamoo Bi Zuwena! Raya yuko hapa kwangu. Siri yako imefichuka leo, wallahi!" Upande wa pili simu ikakatwa. Khalfani akasema mtandao mbaya. Hana ubaya, ila ulimi wake hautangulizi salamu mlangoni.

Ibra tulifika Jumatano, siku ya soko la wanawake. Wanaume hawaingii, wanabaki nje kwenye magari wakijipepea. Ndani ni wanawake watupu, wanaouza na wanaonunua, kanga na vitambaa vya kung'aa, udi, mafuta ya nywele, na sauti zao zimeachiwa kwa kuwa hakuna wa kuzizuia. Nilikuwa nachagua kanga ya kumpelekea Bi Zuwena, mara Rahma akashika simu, akasikiliza, uso ukabadilika.

"Khaloo, mama zaalana," alisema, yaani amekasirika. "Anasema hataki mgeni. Anasema, Raya arudi Maskati, salamu zimefika."

"Kakasirika na mimi?"

"La. Anaona haya. Hii maneno ya Khalfani imemuumiza."

Nilisimama pale na kanga mkononi. Nikamfikiria mama kitandani, na swali lake moja tu aliloliweka miaka yote hii. Nikimrudia mikono mitupu, sijui kama patakuwa na mara nyingine ya kuniuliza. "Mwambie mama yako sikuja kudai tafsiri," nilisema. "Nimekuja kurudisha mbuzi. Mbuzi sirudi nayo."

Baada ya Ibra, upande wa kulia, mchanga wa Bidiya ulitufuata muda mrefu. Jua lilikuwa likishuka na vilima vilikuwa laini kama unga uliochekechwa. Rahma aliendesha gari na njaa ya mazungumzo, maana mimi nilikuwa mbali. Nilikuwa naota macho wazi kwamba behewa letu linakwenda lenyewe, na mahali fulani mbele kuna kituo, ila sijui kama watatufungulia.

Sur, nyumbani kwa Bi Zuwena, tuliingia kabla ya magharibi. Upepo wa bahari ulikuwa unapiga mapazia. Ukumbini zilikuwa zimetandikwa tende, matunda na kahawa, heshima zote za mgeni, lakini mwenyewe hakuwapo. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa. Nikaifungua ile kanga ya Ibra niliyoizungushia mbuzi, nikampa Rahma mbuzi yenyewe, akaingia nayo ndani.

Nilikunywa kahawa kikombe baada ya kikombe. Kisha mlango ukafunguka, akatoka bibi mdogo wa umbo, magoti yakimsumbua, ameikumbatia mbuzi kifuani kama mtoto.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Njoo nikuone. Umefanana na mamako, msiba mkubwa huu." Akacheka, na mimi nikapumua. Akaiweka mbuzi chini, akaikalia kwa taabu, akakataa kusaidiwa. "Siku ya kwanza babu yako aliniuliza mbele za watu, anasemaje huyo Mzungu? Mimi n'kaona haya kusema sijui. N'kakuna nazi kidogo, n'kasema la kunijia. Watu wakanisikiliza, Raya! N'likuwa nakula cha watu, nalala kwa watu, na siku ile ndo mara ya kwanza mtu kuninyamazia anisikie mimi. Wiki ya pili ikawa siwezi tena kurudi nyuma."

"Hakuna aliyejua," nilisema.

"Mamako alijua. Alikuwa wa kwanza kwa Kiingereza skuli nzima, hata babu yako akamtoa akamwoza. Kakaa ubavuni mwangu miaka yote ile na hajanisahihisha hata neno moja."

Hapo ndipo nilipokumbuka vicheko vyake vya kabla ya tafsiri, na maumivu yale ya kichwa. Angeweza kuujua mwisho wa Waingereza. Hakuutaka.

Nilimweleza Bi Zuwena kuwa ndiye aliyenituma, na swali lenyewe. "Bila nazi siwezi," alisema. Nyumba ile wanatumia tui la kopo. Rahma akatoka mbio dukani, akarudi na nazi moja, Bi Zuwena akaivunja mwenyewe. Nikatoa simu nirekodi. "Zima hiyo. Kamsimulie kwa mdomo."

Basi akakuna, akasimulia. Kondakta yule wa kwanza alirudi Hija, akachoka kuona mtoto wa watu analia, akaligeuza gari. Walipita nyota ya kijani, wakapita ya majivu, mpaka kukaanza kunukia karafuu. Msichana akashuka. Mtaa ulikuwa umebadilika, nyumba zimepakwa rangi nyingine, watoto wa njiani hawamjui. Akaujua mlango kwa misumari yake. Akabisha hodi.

Mkono ukasimama. Nazi ilikuwa nusu. "Hapo," alisema, na machozi yakamtoka bila kuyafuta. "Hapo ndo n'napokwama. Kila siku Mungu aliyoileta n'mejaribu. Sijui nani anamfungulia. N'liondoka mimi, Raya, sikurudi tena. Mamako mwambie kafika mlangoni. Zaidi ya hapo sina."

Nilimkumbatia pale pale chini. Usiku tulikula wali wa nazi ile.

Kurudi Maskati tulishika njia ya pwani. Kalhat, moto wa mitambo ya gesi ulikuwa unawaka juu mchana kweupe, na mtoto aliyemo ndani yangu akasema hicho ni kituo cha majitu ya mabati, yamekuja kuposa. Khalfani ana mchezo wenyewe, wote, hana haja ya kukumbuka. Mimi nimejua katika safari hii kwamba sikuwa na hamu ya Waingereza hata siku moja. Hamu yangu ni ya ukumbi ule, na watu waliokubali kudanganywa kwa mapenzi.

Unguja, mama nilimkuta amepungua. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamsimulia kama nilivyosimuliwa, karafuu, rangi za nyumba, misumari ya mlango. Alikuwa amefumba macho. "Akabisha hodi," nilisema, nikanyamaza.

"Nani akamfungulia?"

Sikuwa na nazi. Nililivuta shuka, nikalinyoosha, nikalinyoosha tena. "Dada yake," nilisema. "Alikuwa hajalala. Alikaa macho siku zote anamngoja yeye."

Mama akafumbua macho, akaniangalia, akauangalia na mkono wangu juu ya shuka. Akacheka kile kicheko chake cha zamani.

"Na wewe umeanza," alisema. Akanishika mkono. "Haya. Akaingia ndani?"

"Akaingia, mama."