Shemeji Laston na Barabara ya Limbe

Shemeji yangu Laston alikuwa na ugomvi na kitu chochote kinachoziba masikio. Chiperoni ikishuka mwezi wa Juni, ukungu ule wenye manyunyu unaotufunika sisi watu wa Bvumbwe hadi tukasahau jua lina rangi gani, kila mwendesha baiskeli hujifunga kitambaa kichwani kama mgonjwa wa jino. Yeye hapana. Alijifunga shingo, akavaa koti zito alilolishona mwenyewe, lakini masikio aliyaacha nje yapigwe na baridi.

"Utakufa kwa nimonia," nilimwambia asubuhi moja.

"Kwenye ukungu macho hayana kazi, shemeji," akanijibu huku anabinya breki kuona kama zinashika. "Lori nitalisikia kabla sijaliona. Nikiziba masikio nitakuwa nimejifumba kila kitu."

Nikamwambia basi angalau apake mafuta, maana yale masikio yalikuwa yamepauka kama maganda ya karanga. Akacheka, akapanda baiskeli yake, na baada ya miti mitatu hivi ukungu ukammeza.

Alikuwa mtu wa Ntcheu, kafuata mapenzi. Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa wazazi wa mke, na mkamwini, yaani mume wa namna hiyo, hujenga pale anapoonyeshwa. Laston alikuwa fundi cherehani katika kiwanda cha makoti mjini Limbe, na angeweza kupanga chumba karibu na kazi. Lakini mjomba wetu Gladson, kaka yake mama, ndiye mwenye kauli juu yetu mabinti, na alishasema tangu siku ya posa: "Wasichana wetu hawabebwi. Anayemtaka Falesi amfuate alipo." Falesi ndiye mdogo wangu. Basi Laston akamfuata, na barabara ya Limbe ikawa ndoa yake ya pili, alfajiri kwenda, jioni kurudi.

Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani kwa mama, sina mume. Wangu alikwenda Joni, kwenye migodi ya nchi za kusini, kuchimba dhahabu, na nadhani alichimba mpaka akatokea upande wa pili wa dunia, maana hajaonekana tena. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutosha kuangalia ndoa za wengine.

Nilichokiona ni kwamba Laston hakuwa mwoga, ila alikuwa mwangalifu hadi wenzake wakamcheka. Kwenye mlima wenzake walidaka mkia wa lori wakavutwa mpaka juu kama mbuzi wa mnadani. Yeye alishuka akasukuma. Mgongoni mwa koti alishona mkanda mpana wa kitambaa cheupe ili dereva amwone. Kabla ya mteremko alibinya breki mapema, maji yafutike kwenye rimu, kwa sababu breki iliyolowa hukusaliti pale unapoihitaji. Na honi ikilia nyuma yake hakubishana nayo. Alishuka kwenye lami akaingia kwenye kokoto za pembeni, akasubiri. "Barabara ni ya mwenye gurudumu kubwa," alikuwa akisema. "Mimi nataka kula nsima jioni, basi."

Kitu kimoja tu alikiogopa kuliko malori, nacho ni mama.

Si kwamba mama alikuwa mkali. Ni adabu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani, hawapeani mkono, hawapishani karibu. Akimkuta njiani, mwanamume ndiye anayetoka njiani, akae mbali, macho chini, mpaka mama apite. Siku hizi wengi wameilegeza mila hii, lakini mama yetu hakulegeza hata uzi mmoja, na Laston naye kalelewa hivyo hivyo. Tangu amwoe Falesi walikuwa hawajawahi kubadilishana neno. Mama alikuwa upande huu wa ukuta, Laston upande wa pili, sauti zinasikika vizuri kabisa, na bado mama aliniambia, "Enifa, mwambie mkwe chakula kinapoa." Na Laston akajibu, "Shemeji, mwambie mama nashukuru." Mimi katikati kama posta.

Mwaka huo nyumba yetu haikuwa na utulivu. Mkwe wa jirani, kijana wa Mangochi, aligongwa na gari kwenye ukungu. Ndugu zake walipokuja kuchukua maiti hawakulia kwanza. Walisimama uani wakauliza, "Mtoto wetu mmemfanya nini?" Mkwe akifia kwenu, hata akipigwa na radi, watu huangalia mikono yenu. Mjomba Gladson alikuwepo akasikia, na tangu siku ile alimtazama Laston kama mtu aliyewekewa yai la watu kiganjani.

Kisha Laston akateleza kwenye tope akarudi na goti limechubuka. Halikuwa jambo, lakini mjomba aliitisha kikao.

"Ukianguka tena, baiskeli inauzwa," akasema. "Utachuma chai hapa hapa kama wanaume wengine."

"Mjomba, mimi ni fundi," Laston akasema kwa upole. "Mikono hii haijui chai."

"Itajifunza. Au irudi Ntcheu. Peke yake."

Falesi alikuwa na mimba kubwa. Alitoka nje ya kikao bila ruhusa, nikamkuta nyuma ya nyumba kashika ukuta. Niliichukia sauti ya mjomba siku hiyo, na niliuchukia zaidi ukungu, kwa sababu mjomba angalau unaweza kumnunia.

Kuanzia hapo jioni zikawa za kuhangaika. Mwanga ukianza kufifia, Falesi aliinjika sufuria, akaiepua, akaiinjika tena. Alitoka mlangoni, akarudi, akasahau alichofuata. Nikimwambia akae, anakaa, na kabla sijamaliza sentensi kasimama. Roho zetu zilikuwa juu mpaka tusikie baiskeli ikisukumwa uani, na hapo Falesi hujifanya hakuwa akingoja kitu, anaanza kumgombeza kuhusu matope.

Mama pekee ndiye hakukaa nasi. Kila jioni, saa ile ile ya wasiwasi, alichukua kikapu akasema anakwenda kwa rafiki yake kutafuta mboga. Alirudi muda mfupi baada ya Laston, kikapu kitupu, pindo la kitenge limelowa. Rafiki gani huyo asiye na mboga wiki nzima? Nitasema ukweli nilivyowaza: nilidhani mama kapata bwana. Alikuwa mjane wa siku nyingi na bado ana meno yake yote. Nikasema lazima nimjue huyo mzee anayechezea kitenge cha mama yangu kwenye umande.

Basi siku ya Alhamisi nikamfuata. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilifuata sauti ya kandambili zake. Hakugeuka kwa rafiki yake. Alikwenda moja kwa moja hadi barabarani, kwenye kona yenye mikaratusi, akatua kikapu, akasimama kwenye kokoto, uso umeelekea Limbe. Shingo kainyoosha, mkono nyuma ya sikio. Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaona aibu kwa yule bwana wa mama niliyembuni. Alikuwa akimsikiliza Laston. Alikuja kila siku kuisikia ile baiskeli yake yenye mnyororo unaolia, na akishaisikia alijificha kwenye miti, mkwe apite bila kujua.

Siku ile hakuisikia. Lori lilikuwa linakuja nyuma ya Laston, lori la mbolea la kwenda mashambani, na muungurumo wake ulifunika kila kitu. Honi ikalia. Laston akafanya kama afanyavyo siku zote, akashuka kwenye lami akaingia kokotoni, breki zimebinywa, anaserereka polepole. Akainua macho. Mbele yake, hatua chache tu, amesimama mama mkwe.

Kushoto palikuwa na mtaro umejaa maji. Njia ya kokoto ilikuwa nyembamba, na kupita pale ni lazima amguse mama kwa bega. Mtu wa mahali pengine angemgusa, halafu aombe radhi. Laston hakufikiri. Mwili wake ulifanya alichofundishwa tangu utoto. Akainamisha kichwa, akageuza usukani kulia, akampisha mama. Akarudi kwenye lami.

Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Taa za lori zilikuwa zimeshaupaka ukungu rangi ya njano. Mama hakupiga kelele. Alirusha mikono miwili akamdaka Laston kwa koti, pale kwenye ule mkanda mweupe, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Mama si mwembamba. Mtu, baiskeli na mama mkwe wakaangukia mtaroni kwa pamoja, na lori likapita juu ya mahali alipokuwa bila hata kupunguza mwendo.

Nilipofika ukingoni nilimkuta Laston kamlalia mama. Kwetu huko hakuna mtu aliyewahi kuiona aibu kama ile. Kilemba cha mama kilikuwa kinaelea kwenye maji, nywele zake nyeupe zote nje mbele ya mkwe. Laston aliruka kama aliyekalia makaa. Akapiga magoti topeni, kampa mama mgongo.

"Shemeji," akaniambia, meno yanagongana. "Shemeji, mwambie mama anisamehe. Mwambie sikukusudia kumgusa. Nitalipa kuku. Nitalipa mbuzi. Mwambie."

Nilifungua mdomo nifanye kazi yangu ya posta.

"Usimwambie Enifa," mama akasema kutoka kwenye maji. "Niambie mimi."

Nadhani Laston hakuamini kama ile sauti ilikuwa inamsemesha yeye.

"Umeumia?" mama akamuuliza.

Kisha akajibu, bado kageuka, "Hapana, mama."

Tulirudi nyumbani tumelowa watatu, na mjomba Gladson, ambaye habari mbaya humfikia kabla hazijatokea, alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. Aliona tope, akaona baiskeli imepinda usukani, akaona mama bila kilemba. Uso wake ulikunjamana.

"Ameanguka," akasema. "Nilisemaje? Na juu ya hilo kamgusa mama mkwe. Haya mambo mawili, siyo moja."

Laston aliegemeza baiskeli ukutani. Alikaa chini, macho kwenye miguu yake. Falesi alishika mkono wangu akaubana hadi ukaniuma.

Mama hakwenda kubadili nguo. Alisimama katikati ya uani, maji yanamchuruzika, akamwambia kaka yake, "Gladson, baiskeli haikuanguka. Mimi ndiye niliyeiangusha. Kijana huyu alikuwa ameshafika salama pembeni. Alirudi kwenye lori kwa sababu yangu, ili asinipite karibu."

"Basi kafanya adabu," mjomba akasema.

"Ndiyo, kafanya adabu. Na adabu ilikuwa inamtoa roho mbele ya macho yangu. Ukitaka kuku, mshike wa kwangu. Kosa ni la aliyesimama njiani." Kisha akafanya jambo ambalo lilimfanya mjomba anyanyuke kwenye kigoda. Alitembea hadi mbele ya Laston, akasimama pale pale anapotakiwa asisimame. "Laston, mwanangu. Ukinikuta barabarani, nipite. Niguse, nisukume, nitupe mtaroni ikibidi. Heshima yangu sitaki unipe barabarani. Nipe hapa, ukishafika."

Mjomba alichukua kigoda chake akaenda zake. Baiskeli haikuuzwa.

Kesho yake chiperoni ilikuwa nzito kuliko jana, na Laston akaondoka masikio wazi, usukani kaunyoosha kwa jiwe. Jioni mama hakugusa kikapu. Alikaa nasi jikoni. Aliinuka, akaketi, akachochea moto usiotaka kuchochewa, akauliza saa. Falesi alimwambia akae, akakaa, akasimama. Nilimtazama nikajua sasa kwa nini siku zote hizo aliona afadhali asimame kwenye ukungu kuliko kukaa hapa.

Tuliposikia magurudumu uani, Falesi alianza kuinuka, lakini mama alikuwa ameshatoka. Alisimama mlangoni mwa jiko, mkwe mbele yake, macho kwa macho.

"Umefika?" akamuuliza.

"Nimefika, mama."