Bomba Chini ya Kiyoyozi

Kwa miaka ishirini na sita Bomba alipuliza tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, katika bendi ya kiwanda cha saruji. Mkewe alipofariki, alirudi mazoezini siku ya nne, akapuliza, akaenda nyumbani, akala kilichokuwepo. Watu wakasema amejikaza. Hakuwa amejikaza, kujikaza kunataka kitu cha kukazia.

Kwa heshima ya msiba na ukongwe wake, kiongozi wa bendi alimpa kiti cha mbele, chini kabisa ya kiyoyozi kipya. Kiyoyozi hicho kilizinduliwa na meneja kwa hotuba ya dakika arobaini, kikabandikiwa kibao cha shaba, kikawekwa nyuzijoto kumi na sita. Hakuna aliyethubutu kukigusa, maana namba hiyo aliichagua meneja kwa kidole chake mwenyewe.

Hapo sauti ya tuba ikaanza kushuka. Kinanda cha umeme kilitoa noti yake. Tuba ikaitika chini yake kidogo, kama mgonjwa anayejibu salamu bila kuinuka kitandani.

"Mzee, masikio yamechoka," kiongozi alimwambia mbele ya bendi nzima. "Ijumaa nakupima. Ukikosa, unapumzika."

"Sawa."

Aliyewaka ni mpiga filimbi, mdogo wa marehemu. "Sawa nini, shemeji? Si umwambie!"

Bomba alikuwa na la kumwambia. Hewa ikipoa, sauti hupunguza mwendo, karibu mita sifuri nukta sita kwa sekunde kwa kila nyuzijoto moja. Ikijikokota ndani ya tuba, noti hushuka. Ndiyo maana wapulizaji wa zamani walipasha vyombo vyao joto kwanza kwa pumzi ya kimya. Kiongozi alipiga marufuku: ni kuhema ovyo mbele ya wakubwa.

Alikuwa nalo, ila hakuona sababu ya kufungua mdomo.

Ijumaa kiongozi alikuja na kipimo cha noti kwenye simu. Bomba akapuliza. Chini.

"Twende nje!" Shemeji yake akamburuta hadi uani, kwenye jua na mabati, akamwacha robo saa. Bomba akapuliza tena. Safari hii juu.

"Ndani chini, nje juu," kiongozi alisema. "Mzee hana msimamo."

"Ni joto, bwana mkubwa! Zima hilo dude la ndani, chombo kipate joto la kawaida, umpime upya."

Kiongozi alichungulia kibao cha shaba kupitia dirishani. "Meneja akipita akakuta limezimwa?"

"Na akipita akakuta mzee hayupo?"

Kiongozi alifikiri kwa uaminifu mkubwa. "Hilo hawezi kulijua."

Barua ya mapumziko ilikuwa tayari mfukoni mwake, imekunjwa vizuri. Bomba akaipokea kwa mikono miwili.

"Hata neno moja, shemeji? Dada angekufokea leo."

"Angenifokea," Bomba alikubali. Akasubiri kidogo, aone kama kuna kitu kitakuja. Hakikuja. Akarudi ndani, akaiweka tuba chini ya kiyoyozi, akachomoa kipulizio, kile kipande cha chuma cha kutilia mdomo, maana alikinunua mwenyewe, akakitia mfukoni. Ubaridi wake ukapenya suruali hadi pajani. Alifika getini, bado hakijapata joto.